Cheti cha trakoma hakisawazishi kope

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliithibitisha Burundi kuwa nchi iliyotokomeza trakoma (ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha) kama tatizo la afya ya umma. Senegal ilithibitishwa mwezi huohuo, na kabla ya mwaka kwisha Fiji na Misri nazo zikaingia kwenye orodha. Kwetu Afrika Mashariki habari ya Burundi ilistahili kushangiliwa. Jirani mdogo, tena mwenye uwezo mdogo wa fedha, amefika mahali ambapo Tanzania, Kenya na Uganda bado zinapatafuta. Ila habari ilipokuwa ikipita mdomo hadi mdomo, maneno sita ya mwisho yalidondoka njiani: "kama tatizo la afya ya umma". Kilichobaki vichwani mwa wengi ni kwamba trakoma imekwisha Burundi, na kwamba zamu yetu ikifika, nasi tutafunga jalada na kuhamia ugonjwa mwingine.

Naamini tafsiri hiyo ina hatari. Cheti cha WHO kinapima zaidi hali ya watoto wa leo. Upofu wa trakoma unawapata watu wazima, wengi wao wanawake, ambao macho yao yaliharibika wakiwa watoto miaka thelathini au arobaini iliyopita. Nchi inaweza kupata cheti kwa haki kabisa, bila udanganyifu wowote, na bado ikawa na maelfu ya akina mama wanaoelekea kupofuka. Madaktari na wauguzi wa macho wanalijua jambo hili kuliko watu wengine wote wa sekta ya afya, kwa kuwa mgonjwa huwafikia wao mwishoni kabisa. Tusipowasikiliza sasa, kabla ya 2030, mwaka ambao dunia imelenga kuitokomeza trakoma, huduma ya upasuaji wa kope itafungwa wakati kizazi kizima kingali kinaihitaji.

Trakoma, ambayo wengi wanaiita vikope, huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Anahama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso, kwa pindo la kanga linalofuta tongotongo za watoto watatu mfululizo, na kwa nzi wanaofuata unyevu wa macho. Mtoto anaambukizwa, macho yanakuwa mekundu na kutoa usaha, anapata nafuu, kisha anaambukizwa tena. Maambukizi ya mara moja hayapofushi. Kinachopofusha ni kurudiarudia kwake kwa miaka mingi. Kila mara utando laini wa ndani ya kope la juu unawaka na kupona kwa kovu, na makovu yanapojazana kope linajikunja kuelekea ndani. Hapo nywele za kope zinaanza kukwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo kinachubuka, kinapata vidonda, mwishowe kinafunikwa na ukungu mweupe.

Daktari wa macho akikueleza tofauti ya trakoma na mtoto wa jicho, utaelewa kwa nini anaiogopa zaidi. Mwenye mtoto wa jicho, hata akikaa gizani miaka mitano, akifanyiwa upasuaji leo kesho bandeji inatolewa na anamwona mjukuu wake. Mwenye ukungu wa trakoma hana bahati hiyo. Upasuaji wa kope unazuia nywele zisiendelee kukwangua, lakini nuru iliyokwishapotea hairudi. Kupandikiza kioo kipya cha jicho ni huduma adimu katika nchi zetu, na hata inapopatikana, jicho lililokaushwa na kujaa makovu hulipokea pandikizi kwa shida. Kwa hiyo wakati wa kuokoa ni mmoja tu: baada ya nywele kuanza kugusa jicho na kabla ya ukungu kuingia.

Bibi yangu mzaa mama, Mgogo wa Dodoma, alikuwa na kibano kidogo alichokifunga kwenye pindo la kanga. Kila baada ya siku chache alimwita mjukuu mwenye macho makali amng'oe nywele za kope. Zahanati alikwenda mara nyingi, na kila mara alirudi na tyubu ya dawa ya kupaka machoni. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyelishika kope lake akaligeuza kutazama upande wa ndani, kitendo kisichochukua hata dakika moja. Alipofika kwa mtu aliyejua, jicho la kulia lilikwisha kuwa jeupe. Kila ninaposoma takwimu za trakoma namwona yeye amekaa kwenye kigoda, uso ameuinua kuelekea jua.

Tazama sasa vigezo vya cheti. WHO inataka mambo matatu. La kwanza, katika kila wilaya iliyokuwa na ugonjwa, watoto wenye dalili za trakoma inayoendelea wawe chini ya asilimia 5 ya watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 9. La pili, watu wenye nywele za kope zinazochoma jicho, wasiofahamika na mfumo wa afya, wawe chini ya asilimia 0.2 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. La tatu, nchi ithibitishe kwamba ina mfumo wa kuwatambua na kuwahudumia wagonjwa wapya wa kope watakaojitokeza baadaye. Kigezo cha kwanza na cha pili ni namba, na namba zinapendwa kwenye hotuba. Cha tatu kinaandikwa kwa maelezo kwenye jalada la nchi, na sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye taarifa ya habari.

Fanya hesabu ya wilaya ya mfano yenye watu wazima 100,000. Asilimia 0.2 yao ni watu 200. Wilaya hiyo inaweza kupita ikiwa na karibu watu 200 ambao nywele zinachoma macho yao na hakuna mhudumu anayewajua. Halafu soma tena yale maneno "wasiofahamika na mfumo wa afya". Aliyewahi kushauriwa upasuaji akakataa, huyo anafahamika, hahesabiwi. Aliyefanyiwa upasuaji na nywele zikarudi kuchoma, anafahamika, hahesabiwi. Aliyeandikiwa tarehe na anasubiri, hahesabiwi. Kitaalamu kuna mantiki: kigezo kinapima kama mfumo umewafikia watu, na mtu mzima ana haki ya kukataa kisu. Lakini kioo cha jicho hakijui daftari. Mama aliyekataa upasuaji mwaka jana kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mifugo anaendelea kukwanguliwa jicho mwaka huu, na kwenye hesabu ya cheti ameshatoka.

Wapo wanaokitetea cheti, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba bila lengo linalofikika serikali hazifanyi kazi. Mwaka 1998 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitokomeza trakoma inayopofusha ifikapo 2020, na ingawa tarehe hiyo ilipita na lengo likasogezwa hadi 2030, azimio lilileta ramani, tafiti za wilaya kwa wilaya, na ushindani mzuri kati ya mawaziri. Mwaka 2002 watu waliokadiriwa kuishi kwenye maeneo yenye hatari ya trakoma walikuwa bilioni 1.5. Kufikia 2024 walikuwa milioni 103. Waliokuwa na nywele zinazochoma jicho walishuka kutoka milioni 7.6 hadi takriban milioni 1.5. Ni mafanikio makubwa mno, na hayakuja yenyewe. Kampuni ya Pfizer imetoa bure zaidi ya dozi bilioni moja za azithromycin, dawa ambayo wanavijiji wetu wanaijua kwa jina la Zithromax. Wagawa dawa wasiohesabika wamebeba fimbo ya kupimia urefu wa mtoto nyumba hadi nyumba ili wajue wampe kiasi gani.

Hoja ya pili ni kwamba ugonjwa unapoisha kwa watoto, makovu mapya hayajengeki, kwa hiyo idadi ya wenye kope zilizojikunja itapungua kadiri miaka inavyokwenda. Hili nalo ni kweli. Anayebishana nalo anabishana na ugonjwa wenyewe. Swali ni kasi. Kovu lililojengeka mwaka 1990 kwa msichana wa miaka minane linaendelea kujikunja hata kama bakteria hajaonekana kijijini kwake tangu mwaka 2010. Mwili unalivuta taratibu. Msichana huyo mwaka 2030 atakuwa na miaka 48, na huenda ndiyo kwanza nywele zinaanza kumgusa. Ukichora mstari wa maambukizi na mstari wa upofu kwenye karatasi moja, wa pili unafuata wa kwanza kwa umbali wa kizazi kizima. Cheti kinatolewa kwenye mstari wa kwanza.

Oman inatusaidia hapa, na wasomaji wetu wa Maskati huenda wanakumbuka kwa karibu zaidi. Ndiyo nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa, mwaka 2012. Miaka ya 1970 trakoma ilikuwa imeenea sana kule. Kati ya wakati huo na cheti kulipita miongo ya mabomba ya maji, barabara, shule za wasichana na vituo vya afya vilivyofika mpaka mabondeni. Mtoto aliyepata makovu Oman ya 1970, alipokuwa mtu mzima alikuta hospitali mlangoni. Sisi tunataka kufika kwenye cheti hichohicho kwa njia fupi zaidi, kwa nguvu ya vidonge, na si kosa kutumia vidonge. Lakini mtoto wa Longido aliyepata makovu mwaka 2005 atakapofikisha miaka 45, je, atakuta nini mlangoni?

Mkakati rasmi wa kupambana na trakoma unaitwa SAFE, nao una nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Kwenye karatasi nguzo zote ni sawa. Kwenye bajeti, dawa imezibeba nyingine zote, kwa sababu inatolewa bure na inahesabika kwa urahisi. Hata miongoni mwa wataalamu wenyewe wa macho kuna mvutano mrefu juu ya nguzo hizi, na mvutano huo una historia Kongwa, hapahapa Dodoma. Tangu miaka ya 1980 watafiti wakiongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifanya kazi vijijini kule, na daktari wa macho wa Australia Hugh Taylor alikuwa miongoni mwao. Jaribio lao lililochapishwa 1995 lililinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya kupaka pekee na vijiji vilivyopewa dawa pamoja na kampeni kali ya kunawisha watoto uso. Watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata trakoma kali. Ushahidi huo ndio uliolipa neno "usafi wa uso" nafasi yake ndani ya SAFE.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Huko Amhara, Ethiopia, eneo lenye mzigo mkubwa wa trakoma kuliko karibu sehemu yoyote duniani, jaribio lililochapishwa 2022 lilizipelekea jamii kadhaa vyanzo vya maji, vyoo na mafunzo ya usafi kwa miaka mitatu, bila dawa, na kuzilinganisha na jamii zilizosubiri. Maambukizi machoni mwa watoto hayakupungua kwa tofauti inayoonekana. Wapo waliolisoma jaribio hilo kama hukumu dhidi ya maji na sabuni. Mimi nalisoma tofauti kidogo. Palipo na maambukizi mazito kiasi kile, kunawa peke yake hakuwezi kushindana na bakteria aliyejaa kijijini, na miaka mitatu ni muda mfupi kubadili tabia ya nyumba nzima. Kuna rekodi nyingine ya kuwekwa pembeni yake: kijiji kimoja cha Gambia kilichunguzwa mwaka 1959 na tena 1996, na trakoma ilikuwa imeporomoka hata bila kampeni maalumu, pamoja na maisha kuboreka. Ulaya nayo iliiona trakoma ikififia kabla ya dawa za kisasa kuenea. Nadhani tafsiri inayobeba ushahidi wote ni kwamba dawa inashusha moto haraka, na maji na vyoo vinazuia usirudi. Kuchagua kimoja na kutupa kingine ni kosa katika pande zote mbili.

Kuhusu dawa kuna neno moja zaidi. Utafiti mkubwa uliofanyika Niger, Malawi na Tanzania, matokeo yake yakachapishwa 2018, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo azithromycin mara mbili kwa mwaka kulipunguza vifo vyao kwa takriban asilimia 13.5 kwa jumla, sehemu kubwa ya faida hiyo ikitoka Niger. Ni habari njema inayokuja na kivuli chake, kwa kuwa kule Niger bakteria wasiosikia dawa za aina hiyo waliongezeka. Dawa ina thamani kubwa kiasi kwamba haifai kuitegemea milele kwa kazi ambayo ndoo ya maji ingeweza kuisaidia.

Sasa nifike kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana mjini. Kwamba trakoma imebaki kwa wafugaji kwa sababu ya mila zao na uchafu wao. Wilaya kama Longido na Ngorongoro upande wa Tanzania, kaunti kama Kajiado, Narok na Turkana upande wa Kenya, Karamoja kule Uganda, zinatajwa kana kwamba ugonjwa ni tabia ya watu. Anayesema hivyo ajiulize mama wa boma anayetembea saa kadhaa kutafuta maji ya familia na ndama anapaswa kuyagawa vipi. Watafiti waliokwenda Kongwa walikuta wanakijiji wanaamini kwamba kumnawisha mtoto uso kunamaliza maji mengi. Walipopima pamoja, wakaona maji kidogo sana yanatosha nyuso nyingi. Waligundua pia kwamba mama hawezi kuamua peke yake matumizi ya maji na muda wake. Baba na wazee wa kijiji walipaswa kuwa sehemu ya makubaliano. Huo ni uchumi wa nyumba yenye uhaba, na watu walibadilika walipoelezwa kwa heshima.

Nzi wenyewe wanaikanusha hoja ya uchafu. Aina inayofuata macho, Musca sorbens, huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na hazaliani ndani ya choo cha shimo. Mtu asiye na choo hakuchagua nzi. Tena Australia, nchi tajiri, ilikaa na trakoma ndani ya jamii za wenyeji wa asili hadi karne hii, wakati wananchi wake wengine walishaisahau kwa vizazi. Utajiri wa wastani wa taifa haukuwafikia wale walio pembezoni. Trakoma inakaa mahali ambapo serikali imechelewa kufika, na ramani yake karibu ifanane na ramani ya visima vilivyokauka.

Hoja hiyo ina madhara ya moja kwa moja kwa wanawake, na hapa ndipo madaktari wa macho wanapoongea kwa uchungu zaidi. Wanawake wanapata tatizo la kope kujikunja mara mbili hadi nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na watoto wanaoambukiza, kuanzia dada anayebeba mdogo wake mgongoni mpaka bibi anayelala na wajukuu kitanda kimoja. Wao haohao ndio wanaokosa nauli na ruhusa, au wa kumwachia nyumba. Ukimwambia mwanamke huyo kwamba ugonjwa wake ni wa uchafu, umempa sababu ya kujificha. Atabaki na kibano chake.

Ninaporudi kwenye kigezo cha tatu, yaani mfumo wa kuwahudumia wagonjwa wapya, ndipo naona kazi yenyewe ilipo. Upasuaji wa kusawazisha kope ni mdogo. Unafanyika kwa ganzi ya kudunga, mgonjwa akiwa macho, na hauhitaji chumba kikubwa cha upasuaji. Katika nchi zetu kwa kiasi kikubwa unafanywa na wauguzi na matabibu waliofunzwa, na tafiti zilizofanyika Ethiopia zilionyesha kwamba matokeo ya wauguzi na wahudumu hao hayako nyuma ya yale ya madaktari bingwa. Lakini udogo wake unadanganya. Nywele kurudi kuchoma baada ya upasuaji ni tatizo linalojulikana, na kiwango chake hutofautiana sana kutoka kwa mpasuaji mmoja hadi mwingine. Njia inayotumika nayo ina mchango wake: jaribio moja la Ethiopia lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja nywele zilikuwa zimerudi kwa asilimia 13 ya waliopasuliwa kutokea upande wa ndani wa kope, na kwa asilimia 22 ya waliopasuliwa kwa kukata kope zima. Mkono wa mpasuaji ni sehemu ya dawa.

Hapo ndipo penye fundo ambalo mpango wa cheti haujalifungua. Wagonjwa wakiwa wengi, muuguzi anafanya upasuaji kadhaa kwa siku kwenye kambi ya macho na mkono wake unakuwa mwepesi. Wagonjwa wakipungua, na ndilo tunaloliombea, anamwona mmoja leo na mwingine baada ya miezi mitatu. Mkono unapoa. Mgonjwa wa mwisho anapata mpasuaji asiye na mazoezi. Wataalamu wa mafunzo walitengeneza sanamu ya kichwa yenye kope za kujifunzia, HEAD START, ili mwanafunzi asianzie kwenye jicho la mtu, na inasaidia. Lakini haimalizi swali la nani abaki na kazi hii baada ya kampeni.

Majibu mawili yanashindana. Wengine wanataka kila wilaya ibaki na mpasuaji wake, ili mgonjwa asitembee mbali. Wengine wanataka wapasuaji wachache wenye mazoezi ya kutosha wakae hospitali za mkoa na kutoka kwa ratiba, huku kazi ya zahanati ikiwa kutambua na kutoa rufaa. Nimebadilisha mawazo juu ya hili. Zamani nilikuwa upande wa kila wilaya, kwa sababu nilimfikiria bibi na umbali wa barabara. Nikitazama tofauti kati ya mpasuaji na mpasuaji, naona upasuaji mbovu karibu na nyumbani unaweza kumfanya mgonjwa arudi kijijini na kuwaambia wenzake kumi wasiende. Sasa nakubali wachache waliobobea, kwa sharti kwamba nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji wake ilipwe na halmashauri, na ratiba ya kliniki ya mkoba ijulikane kijijini kama gulio linavyojulikana. Bila sharti hilo, pendekezo hilo litakuwa jina zuri la kufunga huduma.

Na zahanati iwe na kazi moja isiyohitaji fedha nyingi: kila mtu mzima anayekuja na macho yanayotoa machozi, kope lake litazamwe kwa tochi na ligeuzwe kabla ya kupewa tyubu. Afisa tabibu anaweza kufundishwa asubuhi moja. Kama ugunduzi wa wagonjwa wa trakoma utabaki kutegemea wahudumu wa kampeni wanaopita nyumba kwa nyumba wakilipwa posho na mradi, siku mradi unapokwisha ugunduzi nao unakwisha. Mwaka 2025 tulionyeshwa jinsi hilo linavyotokea kwa haraka. Januari ya mwaka huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha shirika lake la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa mapambano dhidi ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika nchi kadhaa ikiwemo Tanzania na Uganda, likavunjwa. Dawa za Pfizer bado ni za bure. Mafuta ya gari linalozipeleka, posho ya mgawa dawa, uchunguzi wa kujua kama wilaya imefuzu, na seti za upasuaji wa kope havikuwahi kuwa bure, na sehemu kubwa ilikuwa ikilipwa kutoka nje.

Baadhi ya watu watasema kwamba kudai haya yote ni kuisukuma nyuma tarehe ya cheti, na kwamba wilaya kama Ngorongoro, ambako dalili zimeng'ang'ania hata baada ya miaka mingi ya umezeshaji wa dawa kwa jamii nzima, zinatosha kutuchelewesha. Sidhani vinapingana. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya malisho ya watu wa familia moja, na watoto wanaomeza dawa upande mmoja mwezi wa Mei hucheza na binamu zao wa upande wa pili ambao watameza Novemba, au hawatameza kabisa. Nchi hizi mbili zikipanga umezeshaji wiki moja, kigezo cha kwanza kitafikiwa mapema. Kigezo cha tatu kinaweza kujengwa wakati huohuo, kwa fedha ndogo zaidi, na halmashauri zinaweza kukianza bila kusubiri Geneva, makao makuu ya WHO.

Kila mwaka halmashauri huandaa mpango wake wa afya na bajeti. Diwani wa kata yenye historia ya vikope anaweza kumuuliza mganga mkuu wa wilaya maswali matatu kwenye kikao. Nani anasawazisha kope katika wilaya hii kwa jina? Mara ya mwisho alifanya lini, na wangapi nywele zimewarudia? Akistaafu, nani amefundishwa kuchukua nafasi yake? Swali la tatu ndilo ningependa kulisikia likijibiwa kwa maandishi kabla Tanzania haijapeleka jalada lake WHO, pamoja na fungu la fedha lililotengwa kwa ajili yake na mwaka ambao fungu hilo linakwisha. Ningependa mwaka huo usiwe 2030.